Nauli Ipande Behewa la Mwisho

Mikutano ya kukusanya maoni kuhusu nauli inafanana kama mapacha. Huwa saa 4 asubuhi, siku ya kazi. Viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, maji ya chupa yamepangwa meza kuu, na projekta imegoma kuwaka mpaka atafutwe kijana wa TEHAMA. Mtoa huduma ndiye hutangulia na majedwali yake: umeme umepanda, vipuri vinaagizwa kwa dola, mishahara haisubiri. Kipaza sauti kikishuka kwa wadau, kelele zinaanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika mkutano mmoja wa aina hiyo, mkoani. Mzee aliyevaa kofia ya kufuma alisubiri zamu yake karibu saa nzima, akasimama, akauliza jambo moja tu: hiyo nyongeza tukishailipa, treni itafika saa ngapi? Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akasema swali limepokelewa. Baadaye nilipousoma muhtasari wa mkutano, nikamkuta mzee yule amehesabiwa miongoni mwa waliopinga nauli kupanda.

Mimi nilikuwepo na sikumsikia akipinga. Alitaja sharti lake. Kwa bahati mbaya jedwali lilikuwa na safu mbili tu, wanaoafiki na wasioafiki, na karani alitakiwa kumweka mahali. Tangu siku hiyo nikisoma kwamba wananchi wamekataa nauli mpya, huwa najiuliza wangapi kati yao walikataa kweli na wangapi walikuwa bado wanasubiri jibu la mzee.

Jaribu mwenyewe. Mkute abiria stesheni umuulize kama anakubali nauli ipande. Atasema hapana kabla hujamaliza sentensi. Sasa muulize abiria yuleyule: treni ikiondoka kwa wakati, tiketi ikipatikana bila kuhangaika na choo kikiwa na maji, utaongeza shilingi 3,000? Wengi niliowauliza hunyamaza kidogo, halafu huanza kupatana. Elfu mbili je? Ukishaona mtu anapatana, ujue ameshaingia dukani. Mteja wa Kariakoo hukunjua kitenge, hukivuta, hukinusa, ndipo afungue pochi. Kwenye nauli tunamtaka alipie kitenge ambacho bado kiko kwenye meli, halafu tunamshangaa akigoma.

Na hilo neno "huduma bora" nalo lina watu wengi ndani yake. Mtumishi anayekwenda Dodoma atakwambia ubora ni kiti kinacholala nyuma, mahali pa kuchomeka chaja na kufika kabla kikao hakijaanza. Mama anayepandia Gulwe na matenga yake atakujibu vingine kabisa. Yeye kwa miaka mingi amepanda treni ya reli ya zamani, ile inayosimama kila kituo, ambayo abiria walijuana na wauza kuku wa Saranda kupitia dirishani. Kwake ubora ni nafasi ya tenga, na uhakika kwamba masika haya Mto Mkondoa hautakula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe ukaikatisha safari kama ulivyozoea. Ukimpelekea treni yenye madirisha yasiyofunguka, zulia safi na sheria ya mizigo, umemletea treni nzuri sana ya mtu mwingine. Akisema hataki kuichangia, tusikimbilie kumwita mpinga maendeleo.

Tuje kwenye namba, maana hapo ndipo mjadala wetu huwa mwepesi kuliko unavyostahili.

Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoomba nauli za reli ya kisasa, SGR, kabla safari hazijaanza, kiwango cha daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kilikaribia shilingi 60,000, na cha Morogoro kilikaribia 25,000. Wadau wakapiga kelele. Mwaka 2024 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ikaidhinisha 31,000 kwa Dodoma na 13,000 kwa Morogoro. Kwa kilomita moja ni shilingi 69.51, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Shirika lilipata kama nusu ya lilichoomba.

Ukiitazama 69.51 peke yake haikwambii kitu. Itafutie jirani. Desemba 2023, miezi michache kabla ya hapo, LATRA ilipandisha nauli za mabasi ya mikoani: daraja la kawaida kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita, na daraja la kati kutoka 56.88 hadi 67.84. Weka 67.84 kando ya 69.51. Treni ya umeme, inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa juu ya reli iliyojengwa kwa matrilioni, imezidi basi la daraja la kati kwa shilingi 1.67 kwa kilomita. Kwa kilomita 444 za kwenda Dodoma, tofauti ni kama shilingi 740, bei ya soda. Nani aliweka kiwango kile na kwa hesabu gani, sijui; sikukaa katika chumba chao. Lakini kwa jicho la mtu wa fani ya nauli kama mimi, hiyo ni bei ya mtu aliyechungulia kibanda cha jirani kabla ya kubandika ya kwake.

Sisemi walikosea. Kuna hoja imezagaa kwamba abiria lazima alipie reli yote, kuanzia zege la daraja hadi riba ya mkopo, na ndiyo inayotia watu hofu kila nauli inapotajwa. Reli za abiria zinazorudisha gharama ya ujenzi kwa tiketi peke yake ni za kutafuta kwa tochi duniani. Miundombinu hubebwa na walipa kodi na mizigo, kwa sababu faida yake haiishii kwa aliyekaa kwenye kiti: barabara inapunguziwa malori, ardhi ya Kihonda inapanda bei, mzigo wa Kigali unapata njia. Abiria tunamdai gharama za safari yake ya kila siku: umeme, mishahara ya wahudumu, usafi, magurudumu yanayochongwa upya yakipoteza umbo, na ule mkono wa juu ya kichwa cha treni unaochota umeme, ambao ncha yake inalika kila siku kwa kusuguana na waya. Vitu hivi havionekani kwenye picha za uzinduzi, na ndivyo vya kwanza kuahirishwa fedha zikipungua. Shirika linaweza kuahirisha matengenezo mwaka wa kwanza na wa pili bila abiria kugundua. Mwaka wa tatu anagundua akiwa porini, taa zimezimika.

Upande wa pili, nauli ya chini nayo ina gharama yake. Kitu kikiuzwa kwa bei ndogo kuliko watu walivyo tayari kulipa, ile tofauti haiyeyuki. Inahamia kwenye foleni, kwenye kujuana, au kwenye mfuko wa mlanguzi. Atakayekosa tiketi ya Ijumaa jioni ya 31,000 anakwenda kupanda basi Mbezi Luis na kukaa barabarani siku nzima, kwa hiyo nauli yake nafuu imemgharimu siku ya kazi. Tena hebu tuambiane ukweli: kiti cha Ijumaa kati ya makao makuu ya nchi na jiji la biashara mara nyingi kimekaliwa na nani? Ni mimi na wenzangu, watu wa semina, vikao na posho, ambao tiketi zetu hulipwa na ofisi. Tunapowatetea wanyonge ukumbini ili nauli isiguswe, mara nyingi huwa tumelitetea punguzo letu wenyewe. Hilo sijalisikia likisemwa kwenye kipaza sauti hata siku moja.

Basi nauli ipande? Subirini kidogo.

Januari 2016, mabasi ya mwendokasi yalipokaribia kuanza Dar es Salaam, mwendeshaji alipendekeza nauli ya shilingi 700 kwa njia za mlisho, 1,200 kwa njia kuu na 1,400 kwa anayeunganisha. Jiji lilichemka, serikali ikaingilia, na huduma ilipoanza Mei nauli zilikuwa 400, 650 na 800. Tulishangilia, na mimi nilikuwa katika washangiliaji. Mabasi yalianza 140. Yaliyofuata mnayajua, hasa ninyi wa Kimara: misururu ya asubuhi, watu kupandia dirishani, karakana ya Jangwani kugeuka bwawa kila mvua kubwa. Shilingi 550 tulizokataa kwenye njia kuu zisingezuia mafuriko, na sina nia ya kuzipa miujiza. Kinachonisumbua ni kwamba mjadala wote ule uliishia kwenye nauli. Sikumbuki mtu aliyesimama kuuliza basi la Kimara litapita kila baada ya dakika ngapi, na lisipopita nani atawajibika. Tulishinda kesi ya bei, tukarudi nyumbani bila basi.

Wakenya wamepitia mlango mwingine. Treni yao ya Madaraka Express ilianza Juni 2017 kwa shilingi 700 za Kenya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi. Baadaye ikawa 1,000. Tarehe 1 Januari 2024 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya nishati, na ni sababu ya kweli kwa treni inayotumia dizeli. Ila ni nyongeza ya kubaki pale ulipo; inamwezesha abiria kuendelea kupata alichokuwa anapata. Mtu wa Mombasa anayepiga hesabu yake huanzia mlangoni kwake: matatu hadi Miritini, treni, kisha usafiri mwingine kutoka Syokimau kuingia mjini. Kwake ile 1,500 iko katikati ya safari, na safari ina ncha mbili ambazo hazimo kwenye tiketi.

Hapa pana mtego wa kihesabu ambamo wakurugenzi wengi hunasa, wengine kwa furaha. Nauli ikipanda kwa nusu, shirika linahitaji kupoteza theluthi moja ya abiria ndipo mapato yarudi pale yalipokuwa. Abiria 1,000 kwa shilingi 1,000 ni milioni moja. Abiria 667 kwa shilingi 1,500 ni milioni ileile. Ikiwa watakaoshuka ni mmoja kati ya kumi, mapato yatapanda vizuri tu, na taarifa ya mwaka itaandika kwamba wananchi wameipokea nauli mpya. Kuna kanuni ya kale katika fani yetu, ya Simpson na Curtin, isemayo kwamba nauli ikipanda kwa asilimia 10 abiria hupungua kwa kama asilimia 3. Ilitokana na mabasi ya mijini ya Marekani, na sishauri mtu aibandike Dodoma ambako mabasi yanapiga honi tangu alfajiri. Inafaa kwa kitu kimoja: kukumbusha kwamba mapato hupanda hata pale watu wanapoumia. Wale watatu kati ya mia walioshuka hawaji kwenye mkutano kueleza walikokwenda, na mara nyingi ndio waliokuwa na hela ndogo kuliko wote. Aliyebaki naye pengine hana njia nyingine. Mapato hayajui kutofautisha aliyeridhika na aliyekwama.

Kwa hiyo tuna vipimo viwili vya maoni ya umma, ukumbi na sanduku la mapato, na vyote viwili vina matege. Ukumbi humsikia zaidi mwenye nafasi saa 4 asubuhi. Humsikia pia mwenye mabasi, ambaye akisema treni inastahili nauli ya juu tusimshangae. Sanduku husikia shilingi peke yake.

Nauli inaweza kupanda, ila ipande behewa la mwisho, huduma ikiwa imeshatangulia na kukaa. Namna ya kulifanya hilo haihitaji uvumbuzi. LATRA inaweza kuidhinisha kiwango kipya leo na kuandika katika amri yenyewe kwamba kitaanza kutumika pale tu treni 9 kati ya 10 zitakapokuwa zimefika ndani ya dakika 15 za ratiba kwa miezi 6 mfululizo. Takwimu zipo, kwa sababu mitambo inayoongoza treni za SGR lazima ijue kila treni iko wapi, la sivyo zingegongana. Zitolewe kila mwezi, zibandikwe stesheni, karibu na dirisha la tiketi, kwa maandishi ambayo mzee mwenye kofia ya kufuma anaweza kuyasoma bila miwani. Huduma ikishuka chini ya kipimo, nyongeza nayo ishuke. Baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, lile la LATRA CCC, lingepata kazi yenye meno, tofauti na sasa ambapo abiria wengi hulisikia msimu wa mikutano tu.

Najua jibu la shirika: bila fedha hatuwezi kuboresha, na bila kuboresha hamtupi fedha. Kuku na yai. Lina ukweli kwa vichwa na mabehewa, ambavyo havinunuliwi kwa nauli kwa vyovyote. Haliwi kweli kwa tangazo la kueleza treni imesimama kwa nini, wala kwa maji ya chooni. Mengi yanayomchefua abiria ni ya rangi hiyo, na Hazina ikiziba pengo la miezi 6 itakuwa imenunua imani kwa bei ya kutupa.

Sharti la pili linahusu fidia, na hapa sioni haya kuiga. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, abiria wa treni anayecheleweshwa saa 1 hadi chini ya saa 2 ana haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na kuanzia saa 2 nusu nzima. Tafsiri hilo kwa Dodoma: treni ikichelewa saa 2, shilingi 15,500 zinarudi kwenye simu ya abiria. Tiketi aliinunua kwa kontro namba, fedha zilijua njia ya kwenda, na njia ya kurudi ni ileile. Mara baada ya safari za Dodoma kuanza mwaka 2024 treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na maelezo ya TRC yakawataja ngedere na bundi. Mitandao ilipata chakula cha wiki nzima. Mimi sina ugomvi na maelezo yale. Nyaya zinapita porini na wanyama wapo. Ila fidia ingekuwepo, utani ungekuwa mfupi, na shirika lingekuwa na sababu ya kifedha ya kumwekea bundi kizuizi kabla hajatua. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya fidia, kuliko hata kumfuta abiria machozi.

Tena kupanda kwenyewe kusiwe kwa mkumbo. Kilomita ya Ijumaa saa 12 jioni na kilomita ya Jumanne saa 6 mchana zinauzwa kana kwamba ni bidhaa moja, wakati ya kwanza inagombewa. Ipandisheni ya Ijumaa, hata kwa 10,000. Ofisi yangu italipa na haitanung'unika, na kama itanung'unika basi tutafanya kikao kwa video kama tulivyoahidiana miaka yote. Fedha hizo zitumike kushusha nauli mahali ambapo watu wameachwa nje kabisa.

Mahali penyewe ni Morogoro. Treni inafika Dar es Salaam kwa chini ya saa 2, muda ambao daladala ya Mbagala siku ya mvua huwa bado haijaona Kariakoo. Kijana anayeishi Kihonda, mwendo wa bodaboda tu kutoka stesheni, angeweza kufanya kazi Kariakoo na kulala kwao, akailipa Morogoro kodi ya nyumba badala ya kuipeleka Buguruni. Kwenda 13,000, kurudi 13,000. Siku 22 za kazi ni shilingi 572,000. Kima cha chini cha mshahara wa serikali, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000, na wauza maduka wa Kariakoo wengi hawakifikii. Tiketi ya mwezi kwa theluthi ya hizo 572,000, kwa treni za alfajiri na za usiku, ingejaza viti na kumpa mtu kazi. Hiyo hoja sijawahi kuisikia ukumbini, na sababu yake ni rahisi. Saa 4 asubuhi kijana wa Kihonda yuko kwenye fremu ya watu Morogoro mjini, anauza chaja za simu.